Kilima cha Kutazamwa

Namna nilivyofika nchi ya Eru sitaieleza, kwa sababu nilitapika njia nzima na sikuona kitu. Nitaanza pale nilipoinua uso nikaiona nchi yenyewe, nikasahau tumbo. Mimi ni mtu wa milimani, nimekulia kwenye migomba na mashamba ya chai, nilidhani nayajua majani mabichi. Sikuyajua. Kule kijani kimepanda juu ya mawe, juu ya kuta, juu ya makaburi, na mvua inakishukia taratibu kama mtu anayemwagilia bustani yake mwenyewe. Juu ya yote hayo kilisimama kilima kimoja, kichwa chake ndani ya mawingu. Nilibaki gatini na begi mkononi nikisema Subhanallah, mpaka askari wa forodha akaja kuniuliza kama ninaumwa.

"Siumwi," nikamwambia. "Natazama kilima kile."

"Umekiona vizuri?"

"Nimekiona. Ni kizuri ajabu."

Basi akanibandika kifuani utepe wa kijani, akanipa mkono kwa heshima kubwa, akasema kuanzia sasa mimi ni mmoja wa wenye kilima. Nikadhani ni maneno ya ukarimu tu.

Mwenyeji wangu alikuwa Diwani Fergali, mtu mnene wa mashavu mekundu, koti lake la sufi likinuka moshi, asiyeweza kumaliza sentensi moja bila kuanza nyingine. Nilikuwa nimemwandikia kwamba huko kwetu nimekuwa karani wa vikao vya halmashauri nusu ya umri wangu, na ningependa kuona wenzetu wanavyojitawala. Akanijibu, njoo, utacheka halafu utalia. Tulizungumza kwa Kijirani, yaani lugha ya taifa la ng'ambo lililowatawala Waeru karne nyingi. Taifa hilo na sisi lilitupitia, likatuachia lugha hiyo pamoja na viboko tulivyofundishiwa. Lugha ya Waeru wenyewe ni Kieru.

Niseme ukweli wangu, sijapata kuona lugha inayoheshimiwa kama Kieru. Kimeandikwa juu kabisa ya kila kibao cha barabara, na Kijirani chini yake kwa herufi ndogo. Kimo kwenye fedha, kwenye milango ya hospitali, hata kwenye magari ya taka. Siku ya kwanza Diwani alinipeleka kunywa chai katika mgahawa uliojaa watu. Mzee mmoja aliyeketi pembeni akatamka maneno machache ya Kieru. Mgahawa mzima ukasimama! Wanaume wakavua kofia, akina mama wakawanyamazisha watoto, mhudumu akaganda na sinia lake la chai iliyokuwa ikipoa. Hakuna aliyekaa mpaka mzee aliponyamaza kabisa. Kiswahili chetu tunakiongea huku tunatafuna mahindi ya kuchoma, na hakuna aliyewahi kuvua kofia kwa ajili yake. Niliona haya kwa niaba ya watu wangu.

"Amesema nini?" nikamwuliza jirani yangu wa meza.

Yule bwana akabadilika rangi. Diwani Fergali akanishika mkono, akanitoa nje mvuani.

"Ndugu mgeni, usirudie tena! Kumwuliza Mweru maana ya neno la Kieru ni kumwambia hadharani kwamba hakijui."

"Kwani anakijua?"

"Siku ya kuhesabiwa watu, wote walisema wanakijua."

"Lakini kweli wanakijua?"

Akatazama huku na huku. "Katika baraza letu lote ninakijua mimi peke yangu. Bibi yangu alinilea nacho. Na kumtafsiria Mweru mwenzangu ni kosa, mtu anavuliwa udiwani. Mgeni ndiye naruhusiwa kumnong'oneza, kwa kuwa mgeni haoni aibu ya kutojua." Akapangusa maji usoni. "Sheria hiyo niliileta mimi, ndugu yangu. Nilikuwa kijana, damu inachemka. Nilisema lugha yetu ikisemwa watu wasimame kama mbele ya mfalme, wasiojua waone haya, waende wakajifunze. Walinipigia makofi mpaka viganja vikavimba. Wakaona haya kweli. Lakini kujifunza hawakwenda."

"Na yule mzee alisema nini?"

"Alikuwa anamwambia mbwa wake ashuke kwenye kiti."

Siku iliyofuata tulipanda kilimani. Diwani alipanda akihema na kunimwagia maoni yake juu ya kila kitu tulichokipita: mashimo ya barabara, bei ya maziwa, wapumbavu wa makao makuu. Upande wa magharibi wa kilima kulikuwa na nyumba kubwa za vioo, madirisha yote giza. Hizo, akasema, ni za matajiri wa mjini, zilijengwa kabla ya Sheria ya Mandhari, na wenyewe huja kiangazi kutazama bahari kisha wakafunga. Upande wa mashariki ndiko walikobaki watu wanaozungumza Kieru nyumbani mwao, wakipika na hata wakigombana. Siku hizi wamebaki wa mlango mmoja tu, yaani familia ya mwanamke aitwaye Meva.

Nilichokiona huko sitakisahau. Kwenye uwanda mdogo, juu ya mawe yenye kuvu, ilisimama nyumba ya kitambaa cheupe. Haikuwa hema. Zilikuwa fito ndefu zilizochomekwa ardhini, na shuka nyeupe zimekazwa kati ya fito kufuata umbo la kila ukuta, kila dirisha na paa. Ndiyo desturi ya Eru: anayetaka kujenga lazima kwanza aisimamishe nyumba yake kwa kitambaa, aiache ipigwe na mvua msimu mzima, ili watu wapate muda wa kuichukia. Kwetu huchora alama nyekundu ya X kwenye nyumba iliyokwisha jengwa, mwenyewe akiwa ndani anapika. Kule wamestaarabika zaidi, wanaibomoa kabla haijajengwa.

Meva alitoka kwenye tela lililoegeshwa pembeni, lenye madirisha madogo na bomba la moshi. Mle ndimo walimolala yeye, mama yake Bi Brigidi na watoto wake wawili, kwa kuwa kitu chenye magurudumu kisheria si nyumba. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono imepasuka kwa baridi, macho yake hayana mchezo. Nilipotaka kukata njia kupita kati ya shuka mbili, akanizuia.

"Mlango uko huku, baba mgeni. Karibu."

Tukaingia mlangoni. Akanionyesha sebule, jiko, chumba cha mama yake kilichoelekea jua la asubuhi, na kila mahali palikuwa majani na mvua tu. Bi Brigidi alikuwa ameketi kwenye kiti jikoni, yaani kwenye majani, mwavuli mkononi, akimfokea mjukuu kwa Kieru. Diwani alikuwa ameshavua kofia. Nilijiona nimo ndani ya nyumba kweli, tena nyumba ya watu wanaopendana, na shuka zilikuwa zikipumua kwa upepo.

"Kwa nini wanakataa?" nikamwuliza Meva. "Ardhi si yenu?"

"Ardhi ni yetu tangu enzi. Mandhari ndiyo si yetu."

Diwani akanifafanulia, na hapo ndipo nilipoelewa utepe wangu. Chini ya Sheria ya Mandhari, kilima ni cha mtu anayekiona. Yeyote aliyewahi kukitazama, hata akiwa melini, ana haki ya kupinga nyumba juu yake, na pingamizi moja linatosha kuizuia. Anayeishi juu ya kilima hawezi kukiona, kwa hiyo yeye hana neno. Mimi niliyekaa Eru siku mbili nilikuwa na haki juu ya pale kuliko Bi Brigidi aliyezaliwa pale. Nilitaka kuung'oa ule utepe, Diwani akanizuia.

"Uache, utatufaa kesho. Kesho baraza linakaa. Kuna msamaha mmoja tu katika sheria: baraza linaweza kulitupa pingamizi kama mwombaji ni mzungumzaji wa kweli wa Kieru, na lazima aombe kwa Kieru mbele yetu, asichanganye hata neno. Kwa Kijirani haruhusiwi kuomba."

"Atawaombaje kwa lugha wasiyoijua?"

Meva alikuwa akikaza kamba ya shuka iliyolegea. Alisema bila kugeuka, "Dada yangu yuko ng'ambo. Amenitafutia chumba na kazi ya kufua hospitalini. Baraza likikataa kesho tunaondoka, maana mama hawezi baridi nyingine ndani ya lile tela. Shule ya hapa ina wanangu wawili tu, ikifungwa imefungwa. Sitaki kwenda. Naomba uelewe hivyo, baba. Sitaki kabisa."

Usiku ule sikula vizuri.

Jumba la baraza la Eru lina milango miwili mikubwa ya mwaloni, wa kulia na wa kushoto, na yote miwili inaingia chumba kimoja. Zamani, walipomaliza kupigana na lile taifa lililowatawala, Waeru waligombana wao kwa wao juu ya namna ya kumaliza vita, ndugu akampiga ndugu, na tangu hapo Chama cha Mlango wa Kulia hakipiti kushoto wala cha Kushoto hakipiti kulia. Nilisikiliza hotuba za pande zote mbili kwa makini ya kikarani. Sikuona tofauti. Siku hizi wanatawala pamoja kwa kupokezana: katikati ya kikao kengele ililia, Mwenyekiti wa Kulia akainuka, wa Kushoto akakaa, akaendelea na hotuba ileile kutoka pale mwenzake alipokata. Nilimwuliza diwani mmoja anatambuaje chama chake. Akanijibu kwa fahari kwamba babu yake alizikwa akiwa wa Kushoto. Fergali, ambaye ni diwani asiye na chama, hana mlango. Sheria inamtaka apitie dirishani, na kwa unene ule ilibidi wahudumu wawili wamvute.

Meva aliingia na mama yake, wakakaa benchi la mbele. Afisa wa Mandhari, kijana nadhifu mwenye sauti laini, akasoma pingamizi. Lilikuwa moja, la bwana mmoja wa zile nyumba za vioo, mkazi wa mjini. Alisema shuka za Meva zinamkata jicho anapofungua dirisha la gari lake akija kiangazi, na kwamba yeye alijenga kule kwa mapenzi ya Kieru na angependa kukisikia kikitoka mahali pasipoonekana. Nikainua mkono. Mwenyekiti akauona utepe wangu, akanipa nafasi.

"Mimi pia nimekiona kilima," nikasema. "Kwa macho yangu, nyumba ile inakipendeza. Sina pingamizi."

Wakacheka kwa upole, kama mtu anavyomcheka mtoto wa mwenzake. Mwenyekiti akanishukuru, akanieleza kwamba sheria inahesabu wanaopinga tu. Kisha akamwita Meva.

Aliposimama na kufungua mdomo, baraza lote lilisimama naye. Kofia zikashuka kwa pamoja. Ilikuwa sauti ya chini, isiyo na mapambo, lakini Kieru kina namna ya kutoka kooni kama maji yanayopita chini ya mawe, na sikudhani binadamu anaweza kutoa sauti nzuri kiasi kile. Diwani Fergali aliinama sikioni mwangu akawa ananinong'oneza.

"Anasema anaomba vyumba vitatu na jiko."

Mwenyekiti alifumba macho.

"Anasema mama yake anakohoa, tela linavuja, godoro limeoza upande mmoja."

Bibi mmoja diwani akaweka mkono kifuani. "Uzuri ulioje!" akasema taratibu.

"Anasema hataki kwenda ng'ambo. Anasema akienda, wanawe watakua wanamwita kwa lugha ya watu. Anasema, hii mnayoisikia sasa hivi, kilimani haitasikika tena, na nyinyi mnaweza kuizuia isiondoke kwa kuinua mikono tu. Anasema, waheshimiwa, nawasihi." Sauti ya Diwani ilikatika. "Anasema nawasihi."

Waheshimiwa walikuwa wakilia. Sisemi hivi kwa kuwakejeli, maana machozi yalikuwa ya kweli, hata Afisa wa Mandhari alitoa leso. Meva alimaliza, akawatazama mmoja mmoja. Nikaona uso wake ukitafuta mtu aliyesikia, ukapita kwa wote, ukafika kwa Fergali.

Diwani Fergali akasonga mbele. Akaanza kwa Kijirani, kwa sauti ya kujaza ukumbi, "Waheshimiwa, huyu mama anasema kwamba mama yake mgonjwa..."

Kengele ililia. "Mheshimiwa Fergali!" Mwenyekiti alikuwa ameshtuka kama aliyepigwa kofi. "Unamtafsiria nani?"

"Nawatafsiria nyinyi."

"Unataka kusema kuna Mweru humu ambaye hajaelewa?" Akaugeukia ukumbi. "Haya. Ambaye hakuelewa alivyosema mama huyu, ainue mkono, naye Mheshimiwa atamtafsiria kwa ruhusa yangu."

Nimehudhuria vikao vingi maishani mwangu. Sijaona mikono iliyotulia kama ile. Nilimwona bibi diwani, yule wa mkono kifuani. Vidole vyake vilijikunjua, vikainuka kidogo kutoka gauni lake, na nikasema moyoni, inua mama, inua tu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akavirudisha.

"Hakuna," Mwenyekiti akasema. "Kaa, Mheshimiwa. Kwa mapenzi yako kwa lugha yetu, hatutaliandika kosa hili."

Fergali akakaa. Mkono wa Bi Brigidi ulikuwa umemshika Meva kiunoni.

Basi baraza likajadili, na nashuhudia kwamba lilijadili kwa upendo. Hakuna aliyetaka kumwangusha mwanamke yule. Diwani wa Kulia akasema sauti kama ile haiwezi kuachwa ndani ya nyumba ya vyumba vitatu, ikasikilizwa na watoto wawili. Wa Kushoto akasema hayo hasa ndiyo aliyotaka kuyasema. Afisa wa Mandhari akawakumbusha kwamba sheria inazuia nyumba za kukaa watu tu, na haigusi makumbusho. Nyuso zikang'aa. Mikono yote ikainuka isipokuwa mmoja, na Mwenyekiti akasimama kutangaza.

Pale pale palipo na shuka za Meva, akasema, litajengwa Jumba la Kieru, la mawe na vioo, lenye maegesho ya magari na jiko la kuwapikia wageni. Nyumba haitaruhusiwa, pingamizi limekubaliwa. Lakini Meva ataajiriwa kuketi ndani ya Jumba kila siku ya kazi mpaka alasiri, azungumze Kieru, na watu watoke nchi nzima waje wasimame kumsikiliza. Kulala humo, bila shaka, hapana. Makofi yakalipuka. Mwenyekiti alikuwa na tabasamu la mtu aliyempa ombaomba ng'ombe mzima alipoombwa kikombe cha maziwa, na niliona wazi kwamba anaamini hivyo kwa dhati. Nikaogopa.

"Mama," akamwambia Meva, "useme neno la shukrani."

Meva alisimama. Kwa mara ya kwanza mbele ya baraza lile, akazungumza Kijirani ili asikike.

"Tunaondoka Jumamosi. Mimi, mama yangu na wanangu. Haturudi."

Hakuna aliyesimama. Viti vililia kwa watu kujigeuza kwa karaha. Mtu mmoja nyuma yangu akasonya. Mwenyekiti alimtazama kwa huzuni ya kweli, akainua kiganja kumwomba taratibu, kama baba.

"Mwanangu, si kwa lugha ile, siku kama ya leo. Tafadhali. Tuambie kwa lugha yetu."

Meva akamtazama mama yake. Bi Brigidi akaitikia kwa kichwa. Basi akayarudia maneno yaleyale kwa Kieru, polepole, na kwenye neno la mwisho sauti ilimtetemeka.

Baraza zima likainuka. Kofia zikashuka, machozi yakawatiririka, na yule bibi diwani akalia kwa sauti akisema hajapata kusikia kitu kizuri kama hicho tangu azaliwe. Mwenyekiti aliinama mpaka paji la uso likagusa meza. Katika ukumbi ule wote Diwani Fergali peke yake alibaki kitini, kofia yake kichwani, akiwatazama, na askari wa baraza tayari alikuwa anamjongelea.

Nikajitazama mimi. Nilikuwa nimesimama, kofia yangu iko mkononi, na sikumbuki niliinuka saa ngapi. Nikakaa.